Pikipiki ya spoti ya mtumba: acheni kuanza na swali la kilomita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua nafasi ni finyu ila hili jambo limenikaa kooni wiki nzima. Mpwa wangu alinipigia simu juzi usiku, sauti imejaa furaha, "mjomba nimeipata, Yamaha R6, nyeusi, imetembea elfu tisa tu!" Nikamuuliza injini uliigusa kabla hawajaiwasha? Kimya. Nikamuuliza ulikata usukani mpaka mwisho ukachungulia pale chini ya shingo? Kimya tena. Mwisho akasema, "mjomba, yani inang'aa, ungeiona."

Hapo ndo nikaona niandike, maana na mimi nilianza hivyohivyo. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa 600 (yani injini ya cc 600) ya silinda nne, inang'aa kuliko kioo, swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo la kilomita, jibu likanifurahisha, nikalipa nikaondoka nayo najiona mjanja. Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lilikuwa la plastiki limepigwa rangi vizuri.

Sisemi kilomita hazina maana. Ila hizi mashine sio za kwenda kazini na kurudi. Injini ya spoti ya 600 inazunguka mpaka mara 14,000 kwa dakika, nyingine 16,000, kwahiyo cha kujua ni aliyeikalia alikuwa anaiendeshaje. Kilomita 9,000 za mtu anayeinua tairi la mbele kila taa ikiwa kijani zimeichosha pikipiki kuliko 40,000 za mtu mzima anayesafiri nayo wikiendi na kumwaga oili kwa wakati. Alafu dashibodi ni kitu cha kufungua na kufunga, mtu anatoa ya kwenye pikipiki iliyogongwa anaweka kwenye yake, namba imeshuka. Ukitaka kilomita za kweli angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvibadilisha: raba ya pedali ya gia, futiresti, gripu, siti, tundu la ufunguo. Elfu tisa alafu raba ya gia imelika mpaka chuma kinaonekana? Hesabu hiyo inagoma.

Kwahiyo cha kwanza nilichomwambia mpwa ni kwamba pikipiki isiwashwe kabla hajafika. Ukifika, kabla hata ya salamu haijaisha, peleka kiganja karibu na injini na bomba za ekzosi (karibu nimesema, usishike, utaungua kama imetoka kuzimwa). Ikiwa ya moto uliza kwanini. Injini ya baridi haijui kudanganya, betri iliyochoka itajulikana, kabureta au injekta chafu zitajulikana, ile cheni ya ndani inayozungusha valvu kama imelegea utaisikia inagonga sekunde za mwanzo, alafu ikishapata moto mara nyingi vyote hivyo vinanyamaza na wewe unasikia mlio mtamu tu. Yule aliyeniuzia mimi nilimkuta ameshaiwasha, eti "nimekupashia usisubiri", na mimi nikamshukuru kwa ukarimu! Kesho yake asubuhi nilibonyeza stata mpaka betri ikalala. Nikaipeleka kwa fundi, akafungua, tapeti (ule mwanya mdogo unaoachwa kwenye valvu) zimebana, valvu hazifungi sawasawa, akaniangalia akasema hizi tapeti sio za pikipiki ya kilomita hizo unazoniambia. Pikipiki nyingi za spoti za silinda nne za Japani kitabu kinasema tapeti zipimwe kila kilomita 24,000 hivi, nyingine zinaenda mpaka 42,000, na ni kazi kubwa, tangi linatoka, boksi la hewa linatoka, ndo maana watu wanaikwepa wanauza ikikaribia. We muulize tu muuzaji "tapeti zilipimwa lini na nani", sio swali la ugomvi, ila utamuona uso.

Ikishawaka mwache aiache ingurume, usikubali aanze kupiga resi za kukufurahisha. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mvuke mweupe mwembamba asubuhi yenye baridi ni kawaida, ila ukiwa mzito na hauishi hata injini ikipata moto, tena una harufu ya utamu, hiyo maji ya rejeta yanaingia kusikotakiwa. Simamisha pikipiki wima uangalie oili kwenye kile kioo kidogo, ikiwa na rangi ya maziwa kunja mkono wa koti nenda nyumbani. Kaa hapo mpaka feni iwake yenyewe, watu wengi hawana subira ya dakika kumi wakati wanatoa hela ya miaka. Kama una testa ya umeme weka kwenye betri, imezimwa iwe kwenye 12.6 hivi, ukipandisha mizunguko kama 5,000 inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu basi koili ya kuchajia au reguleta (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri) imekufa, ikipita 15 reguleta inakwenda kukuulia betri. Huu ugonjwa wa reguleta kwenye spoti za Kijapani za zamani ni wa kawaida sana, hauui dili, ila unashusha bei.

Sasa nije kwenye kuanguka, hapa ndo penyewe. Pikipiki ya spoti imevaa makava mwili mzima, na makava hayo mapya ya kuigiza yanapatikana seti nzima na rangi yake, yani mtu anaweza kuangusha leo na mwezi ujao anauza "haijawahi kuanguka". Kwahiyo kava usiliangalie, angalia kilicho nyuma yake. Piga magoti, kata usukani kulia mpaka mwisho, alafu kushoto, na mwanga wa tochi uangalie pale chini ya shingo ya fremu. Kuna vinundu viwili vya chuma, usukani ukifika mwisho unagonga pale unasimama. Vinatakiwa vifanane. Pikipiki ikianguka kwa kasi tairi la mbele linapinduka kwa nguvu na kile kinundu kinakula kipigo chote, kinabonyea, kinapasuka, wakati mwingine kinakatika kabisa, na hicho hakibadilishwi kwa sababu ni sehemu ya fremu. Ya kwangu cha kulia kilikuwa na umbo lake la kiwandani, cha kushoto kimelala bapa kama kidole kilichobanwa na mlango, na rangi pembeni yake imepasuka nyufa nyembamba kama za ganda la yai. Na juu yake, kwenye tangi, chini ya stika, kibonyeo cha ukubwa wa kidole gumba pale handeli ilipopiga. Vyote hivyo vilikuwepo siku nanunua. Mimi nilikuwa naangalia rangi.

Hapo ndo nikaelewa kwanini ilikuwa inavuta kushoto na mimi nalaumu tairi.

Ila msinielewe vibaya, kuanguka peke yake sio dhambi. Spoti nyingi zimeshalala chini angalau mara moja, mtu kasahau stendi, kaanguka akigeuza uani. Ncha ya mkono wa breki imekwaruzika, ncha ya handeli imekwaruzika, kava la injini lina mchubuko, hiyo ni historia ya kawaida na mimi binafsi namwamini zaidi muuzaji ambaye pikipiki yake ina mikwaruzo na anakuonyesha huku akicheka kuliko mwenye kila kitu kipya upande mmoja. Upande mmoja mpya, upande mwingine umepauka, jiulize. Mkono wa klachi wa kampuni na mkono wa breki wa dukani, jiulize. Bolti za kava hazifanani, masikio ya plastiki ya kushikia kava yameunganishwa na gundi, futiresti moja imepinda kwenda nyuma, kila kimoja ni kidogo ila vikikaa pamoja vinakupa hadithi nzima.

Kuna hii nyingine watu hawaijui. Ukiona bolti ya kumwagia oili, au za breki, zimetobolewa vitundu vidogo vya kupitisha waya, jua pikipiki imekimbizwa kwenye mashindano au uwanja wa mbio, kule ndo wanafunga bolti na waya zisilegee. Sio lazima ukimbie, wengine wa uwanjani wanabadilisha oili mara nyingi kuliko sisi wa barabarani, ila mwenyewe awe amesema kabla hujaona. Ukiona na yeye anashangaa "ah, hata mi sijui hivyo vitundu vya nini", basi.

Gia ya pili. Hii ijaribu ukiwa unaendesha, na kama wewe bado mgeni wa hizi mashine nenda na mtu anayezijua akuendeshee, tena amevaa helmeti na glovu na koti, na mwenye mali akitaka uweke hela mezani kabla ya kuijaribu usikasirike, hata wewe ungetaka. Ukiwa kwenye ya pili vuta mafuta kwa nguvu, achia, vuta tena. Ikiruka ikajirusha nyutro au ukasikia kishindo, meno yamelika, na kinachoyala ni hayohayo ya kuinua tairi na kupiga gia bila klachi. Nyingi kati ya hizi injini kuifikia gia lazima uzipasue mbili. Mimi hapo siongei bei, naaga.

Ukiwa hukohuko shika breki ya mbele taratibu kutoka kasi ya kati, mkono ukipiga mapigo kama mshipa basi diski zimepinda. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe, soma. Nyanyua tairi la mbele kwa stendi uzungushe usukani polepole kwa vidole viwili, ukihisi kuna mahali unaingia kama kwenye kishimo, hasa pale katikati ulipo mnyoofu, beringi za shingo zimekwisha. Shokapu za mbele zibonyeze mara tatu nne alafu pitisha kidole kwenye zile bomba zinazong'aa, kikitoka na oili, sili zimechoka, na hiyo oili ikifika kwenye breki pedi ndo balaa.

Tairi na cheni nitapita haraka maana vinabadilishika. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi lina meno mazuri lakini limezeeka likawa gumu kama mfupa, kwenye kona halikushiki. Cheni ivute kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ikiinuka ukaona karibu nusu ya jino, imekwisha, na meno ya sproketi yakilala kama pezi la papa seti nzima inanunuliwa. Haya ni ya kupunguziana bei tu, mtu asije akakataa pikipiki nzuri kwa ajili ya cheni, alafu akanunua mbovu kwa sababu ina tairi mpya, na nimeshawaona.

Karatasi sasa. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, kwa pikipiki nyingi za kisasa ni herufi na tarakimu 17, isome wewe mwenyewe moja moja ukilinganisha na kadi, usisomewe. Namba ya injini vilevile. Pakikwanguliwa au pana rangi mpya hapo tu, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa, tena hasa kama bei ni ya kutupa. Jina kwenye kadi liwe la huyo unayeongea naye. Na uliza funguo zote. Yamaha nyingi zenye imobilaiza (kinga ya wizi, injini haiwaki bila ufunguo uliosajiliwa), R6 za aina hiyo zikiwemo, zilitoka na ufunguo mmoja mwekundu ambao ndio unaosajili funguo nyingine, ule ukipotea na hizi za kawaida zikipotea, fundi atakwambia habari za kubadilisha kompyuta. Mpwa wangu alipouliza akaambiwa "upo, upo nyumbani". Haya.

Basi tumekubaliana tunaenda wote Jumamosi saa moja asubuhi, nabeba tochi, testa na kitambaa. Nilimpigia muuzaji mwenyewe nikamwomba kistaarabu asiiwashe mpaka tufike. Akanyamaza kidogo, akasema, "kwani mzee, mnakuja kununua au kukagua?"

Msomaji wako wa siku zote.