Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne na Klabu ya Maigizo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Ndugu Mkuu wa Shule na walimu wetu wapendwa,
Viongozi wa kijiji na viongozi wa dini,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kukufikisha salama, maana barabara ya kupandia huku kwetu Uluguru sote tunaijua, na tope tumeliona lilipofika kwenye milango ya gari lako. Wapo wageni tuliowahi kuwaalika wakatuma wawakilishi, na wawakilishi nao wakatuma salamu. Wewe umekuja mwenyewe. Karibu sana, na viti vya mbele visikusumbue, ni vya maabara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya shule yetu ni fupi. Ni shule ya wasichana, ya bweni, iliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi ikiwa na vyumba viwili vya madarasa na mwalimu mmoja na nusu. Huyo nusu alikuwa akifundisha pia shule ya msingi ya jirani. Sisi tulianza kidato cha kwanza tukiwa 94, na leo tunahitimu tukiwa 71. Waliopungua wana sababu zao mbalimbali, mojawapo tutaigusa huko mbele.

Kwa upande wa mafanikio, tunajivunia mengi. Nidhamu ni ya hali ya juu. Daraja la kwanza limepanda kutoka wanafunzi 2 hadi 3, sawa na ongezeko la asilimia 50 kwa mwaka mmoja tu. Tunayo kompyuta, na inawaka. Klabu yetu ya Maigizo imeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya sanaa ya kata. Shule zilizoshiriki zilikuwa tatu, lakini ushindani ulikuwa mkali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, igizo ulilolitazama muda mfupi uliopita ndilo lililotupatia nafasi hiyo. Tunaomba tuseme maneno machache juu yake, kwa sababu majaji wa kata walituuliza kwa nini wasichana wa Morogoro wahangaike na gereza la Kenya. Mwalimu wetu wa Historia naye alitaka tuigize habari za hapa hapa, jinsi babu na bibi zetu wa Uluguru walivyogomea kuchimba matuta ya mkoloni mwaka 1955. Ni habari nzuri. Ila klabu ina wasichana 24, na kila mmoja alitaka kuwa mwanamke jukwaani, si kuvaa kofia ya mzungu na kubandikwa masharubu ya mkaa. Kamiti, gereza hilo la Kenya, ilitupa nafasi zote 24, na masharubu wakayavaa wawili tu, kwa kupigiwa kura.

Kama ulivyoona, tumeigiza wanawake waliowekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Kati ya mwaka 1954 na 1960 Waingereza waliwazuia wanawake wapatao 8,000, na wengi wao walipitia Kamiti, kaskazini mwa Nairobi. Huko walivunja mawe, wakayabeba kichwani, wakachimba, na baadhi yao walilazimishwa kuzika maiti. Wengi hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 kuhusu kazi ya shuruti, ambao Uingereza yenyewe iliuridhia mwaka 1931, unaruhusu kumfanyisha kazi mtu aliyehukumiwa na mahakama. Wale mama hawakuwa wamehukumiwa na yeyote. Ndiyo maana yule wa kwenye igizo letu anashusha ndoo, anaigeuza chini juu, anaikalia, kisha anamwuliza bwana jela: "Kesi yangu ni namba ngapi?"

Wapo waliogoma kazi. Wapo walioandika barua za malalamiko kwa wakubwa. Wapo walioimba nyimbo ambazo askari hawakuzielewa mpaka walipotafsiriwa, na zikapigwa marufuku siku hiyo hiyo. Hii ya kupigwa marufuku tumeiongeza sisi kunogesha. Lakini hili lifuatalo hatukuliongeza: waliokataa kabisa kusalimu amri waliitwa sugu, baadhi yao wakasemwa kwamba wana wazimu, na mwaka 1958 wakatengewa kambi yao ya Gitamayu. Kwa hiyo mwanamke akisema amechoka kubeba mawe, dawa ikawa ni kumpima akili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo tunapoomba utusikilize kwa makini, na wazazi walio nyuma wasogee kidogo kwa sababu spika ya kushoto haifanyi kazi.

Ndoo zile 24 ulizoziona jukwaani hatukuzinunua kwa ajili ya igizo. Wala hatukuziazima. Ni ndoo zetu, za lita 20, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Ngata ulizoona vichwani ni zile zile za kila siku. Mwalimu wa Maigizo hakutufundisha kutembea tukiwa tumebeba. Alitufundisha kusema tu, kwani kubeba alitukuta nako. Na maji yaliyokuwa ndani ya ndoo, ukiacha ile inayokaliwa, ni maji kweli, hayakumwagwa. Baada ya onyesho yalikwenda moja kwa moja jikoni, na ndiyo yanayopikia pilau utakayokaribishwa baadaye. Karibu sana, yamechemshwa.

Shule yetu haina maji, Mheshimiwa. Maji yapo mtoni, bondeni. Zamu ya kwanza inaamshwa na matroni saa kumi alfajiri. Kushuka ni dakika 20, kupanda na ndoo ni dakika 40 kwa mwenye miguu mizuri, na mtoni kuna foleni kwa sababu kijiji nacho kinachota pale pale, na hatuwezi kuwaambia bibi zetu wakae pembeni watupishe. Kila mwanafunzi ana ndoo mbili kwa siku: moja ya jikoni, moja yake. Hiyo moja yake ndiyo ya kuoga, kufua, kupigia mswaki na kusafishia choo. Anayekuwa kwenye siku zake anahitaji zaidi ya hapo, na anayejua hilo zaidi ya sisi ni matroni, aliyetuomba tuliandike humu kwa sababu yeye alishalisema vikaoni mpaka akachoka.

Zamu ya kwanza ikirudi, kipindi cha kwanza kimeshaanza. Kipindi cha kwanza Jumatatu na Jumatano ni Hisabati. Tunaomba matokeo yetu ya Hisabati yasomwe kwa kuzingatia hilo.

Wakati wa masika njia ile inakuwa sabuni. Mwenzetu mmoja, tunayehitimu naye leo, aliteleza akiwa na ndoo kichwani akavunjika mkono wa kulia wiki tatu kabla ya mtihani wa majaribio. Alifanya mtihani kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wa Kiswahili aliusahihisha kwa kumwita ofisini amsomee alichoandika, na Mungu ambariki mwalimu huyo. Wapo wengine ambao wazazi wao walikuja, wakaangalia ile njia, wakaangalia giza la saa kumi, wakawachukua mabinti zao wakaondoka nao. Hao ni sehemu ya wale 23 tuliosema tutawagusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatujilinganishi na wale mama wa Kamiti. Ingekuwa ni kukosa adabu, kwao na kwako. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, na hapa shuleni hakuna anayetushurutisha kuchota maji isipokuwa kiu. Tunasema tu kwamba tulipokuwa tukifanya mazoezi, kuna siku yule mwigizaji mkuu alikaa juu ya ndoo yake, akasahau maneno, akaanza kulia, na hatukujua kama bado anaigiza.

Tunafahamu fika kwamba suala hili si geni masikioni mwa viongozi. Limesomwa katika risala ya mwaka 2019. Mgeni rasmi wa siku hiyo, tunayemheshimu sana, alisimama hapo hapo ulipo akaahidi kwamba maji yatafika kabla ya masika. Hatukumwuliza masika ya mwaka gani, na kosa hilo ni letu. Mwaka 2021 mgeni rasmi mwingine aliweka jiwe la msingi la tanki. Jiwe lipo, limeandikwa vizuri kwa maandishi ya dhahabu, tumelifutia vumbi kwa ajili yako. Mawe ya kujengea msingi wenyewe waliyabeba dada zetu, yaani wanafunzi waliotutangulia, na msingi umekamilika. Kilichobaki ni tanki.

Mwaka uliofuata walikuja wataalamu. Tunawashukuru, walikuwa wachapakazi. Walipanda mlimani, wakakuta chemchemi ambayo haikauki, kama mwendo wa kilomita mbili juu ya shule, wakasema maji yatateremka yenyewe kwa mserereko, bila pampu wala umeme wala dizeli. Wakapigilia vigingi vya miti vyenye rangi nyekundu kuanzia kule mpaka nyuma ya bweni. Kigingi cha mwisho kipo mpaka leo, na kidato cha pili wanakianikia soksi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukuombi utafute maji. Yalishapatikana. Hatukuombi upimaji. Ulishafanyika. Hatukuombi jiwe la msingi, na kwa heshima zote tunaomba tusiwekewe la pili. Tunaomba bomba za kutosha umbali wa vigingi, tanki moja la kukaa juu ya msingi ambao upo, na fundi. Kuchimba mtaro tutachimba wenyewe. Wazazi wameshakubali kwenye kikao, kila kaya hatua kumi, kwa hiari, na mtendaji wa kijiji anayo orodha yenye sahihi.

Tukisema mtaro tunakumbuka Hola, kambi ya wanaume kando ya Mto Tana, ambayo tumeitaja mwishoni mwa igizo. Tarehe 3 Machi 1959 watu waliokuwa kizuizini waliamriwa kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba, wakakataa, wakapigwa mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza iliyotolewa kwa umma ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Sehemu hiyo wanafunzi wa kidato cha kwanza huwa wanacheka, wakidhani ni kichekesho tulichotunga. Si kichekesho. Tumeiweka kwa sababu tumejifunza kwamba mtu akikosa jibu, maji ndiyo ya kwanza kusingiziwa: mara yamepungua, mara hayapandi mlima, mara bajeti yake imekwenda na mafuriko.

Na kuna jambo moja zaidi katika historia ile ambalo lilitushtua kuliko viboko. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, mama wa Kiingereza aliyekuwa amefanya kazi kwenye kambi zile, alieleza hadharani kwamba Kamiti aliwakuta mabinti wa miaka 11 na 12 wakitumikia vifungo. Umri wa shule ya msingi! Habari zikafika hadi Bunge la Uingereza. Lakini serikali ya Uingereza ilikuja kusema inasikitika, na kukubali kulipa, tarehe 6 Juni 2013. Ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na mmoja wa waliokwenda mahakamani mpaka hapo alikuwa mama mtu mzima, Jane Muthoni Mara. Kutoka 1956 hadi 2013 ni miaka 57. Sisi tumehesabu miaka yetu tangu ahadi ya kwanza, na tunakiri kwamba bado hatujafika hata robo. Tunaomba tusiendelee kuhesabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi wahitimu hatutayafaidi maji hayo. Tukimaliza mtihani wa Novemba tunaondoka, na wengi wetu tutakwenda nyumbani ambako nako tutakabidhiwa ndoo. Tunawaombea wadogo zetu, hasa wale wanaorithi nafasi za uigizaji, kwani wamesema mwakani wanataka kuigiza kitu kingine, chenye harusi.

Zipo changamoto nyingine: upungufu wa walimu wa sayansi, uzio, na spika ya kushoto. Tumeziorodhesha kwenye karatasi ya pili. Unaweza kuisoma ukiwa njiani, au usiisome kabisa. Tukipata maji hatutakulaumu.

Mwisho, tunaomba radhi kwa utaratibu mmoja mgeni. Kwa kawaida mgeni rasmi husaini kitabu cha wageni kabla ya kuondoka. Mwaka huu tumekisogeza mezani kwako mapema. Ukifungua kurasa chache nyuma utaona maneno ya wageni waliotangulia kwenye safu ya maoni: "Maji yatafika," na chini yake, mwandiko mwingine, "Suala la maji ni kipaumbele." Kwenye ukurasa wako Mkuu wa Shule ameturuhusu tuongeze safu moja kwa rula, upande wa kulia, iliyoandikwa TAREHE. Haimaanishi tarehe ya leo. Kalamu ipo juu ya kitabu, tumeijaribu, inaandika.

Baada ya chakula, kama muda wako unaruhusu, viranja watakuongoza mpaka kwenye kigingi cha mwisho. Si mbali. Soksi zitakuwa zimeshaanuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na Katibu wa Kamati ya Mahafali, kwa niaba ya Wahitimu wa Kidato cha Nne na Klabu ya Maigizo.