Barua kwa Babu: Korongo Wamefika Huku

Vienna, Austria
Mwisho wa Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri, na baridi imeanza kulegea. Natumaini mguu wa Bibi umepata nafuu na kwamba masika yameshaanza kunyesha huko Bunda. Mwambie mdogo wangu akusomee taratibu, maana leo nina habari ndefu, na inakuhusu wewe kuliko wote hapo nyumbani.

Unawakumbuka wale korongo, ndege weupe wakubwa, wenye weusi kwenye mbawa na mdomo mwekundu, waliokuwa wakitua shambani mwezi wa kumi na mbili viwavijeshi walipovamia mahindi? Ulitukataza kabisa kuwarushia mawe. Ulisema hao ni wageni waliokuja kutusaidia kazi, na mgeni hapigwi. Wakiondoka tulikuuliza wameenda wapi, nawe ulijibu neno moja tu: kwao. Babu, kwao nimefika.

Kusini mashariki ya Vienna, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni, kuna ziwa linaloitwa Neusiedler See, mpakani na Hungaria. Usilifikirie kama ziwa letu la Victoria. Hata penye kina kirefu maji hayafiki mita 2, na mahali pengi mtu mzima akisimama yanamwishia kifuani. Zaidi ya nusu ya ziwa ni matete matupu, yapata kilomita za mraba 180, yamesimama makavu rangi ya majani ya mpunga uliovunwa. Ni ziwa lisilotabirika. Miaka ya 1860 lilikauka lote. Mwaka 2022 maji yalishuka kuliko wakati wowote tangu waanze kuyapima mwaka 1965, na madimbwi ya chumvi yaliyoko upande wa mashariki yakabaki vumbi jeupe. Kwa hiyo kila mwaka majira ya kuchipua yakikaribia, watu wanaopenda ndege wanaulizana kwanza habari za maji, kama nyinyi mnavyoulizana habari za mvua.

Siku nikiwa sina zamu napanda treni alfajiri na baiskeli yangu, kwani treni za huku zina nafasi ya kuwekea baiskeli. Nashuka mji wa Neusiedl am See, kisha nafuata njia ya baiskeli kandokando ya ziwa kupitia Podersdorf hadi Illmitz. Ardhi ni tambarare, lakini upepo! Huko hauna cha kuuzuia. Wakati mwingine unasukuma maji ya ziwa zima kuelekea upande mmoja, upande wa pili ukabaki tope. Ninavaa glavu na kofia ya sufu mpaka adhuhuri. Hata hivyo siwezi kubadilisha baiskeli kwa gari. Mwenye gari anasikia injini yake. Mimi nasikia bata bukini wanaitana kabla sijawaona, na nikisikia kitu ndani ya matete naweza kusimama papo hapo, mguu mmoja chini, nikatoa darubini.

Njiani nimepita mahali wanapokata matete. Kazi hiyo hufanyika wakati wa baridi, yakiwa yamekauka. Huyafunga mafungu, kisha wanayasimamisha yakiwa yameegemeana, vichwa vimekutana juu. Niliyashika: membamba, magumu, marefu kunipita. Wanaezekea nyumba, na mengine huuzwa mpaka Uholanzi. Nilitamani uwe pale uyapime kwa mkono wako, wewe uliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa wetu.

Illmitz kuna dimbwi la chumvi ambalo njia ya baiskeli inapita karibu nalo sana, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Kuna ndege mmoja mweupe mwenye michirizi myeusi, miguu ya rangi ya buluu, na mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, uliopinda kwenda juu. Anatembea kwenye maji ya kina kifupi akiupitisha mdomo kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila kuinua kichwa, akichuja vidudu asivyoviona. Wanakuja makundi, wote wakifagia kwa mwendo mmoja. Juu yao kuna ndege wengine, weusi kwa weupe, wenye kishungi kirefu kichwani. Madume yanapaa, yanajipindua angani, yanaporomoka hadi karibu na nyasi, kisha yanainuka tena yakilia. Yangeyange wakubwa wapo pia, wale wale wanaosimama kwenye mafunjo ya ziwa letu.

Na ng'ombe, Babu! Ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu, asili yao Hungaria, wanachungwa ndani ya hifadhi ya taifa kwa makusudi. Zamani vijiji hivi vilikuwa na mifugo mingi, ufugaji ukapungua, na matete yakaanza kumeza malisho. Ndege wanaotaka nyasi fupi wakakosa pa kutagia. Basi hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1993, inategemea ng'ombe kuzuia matete. Najua kwetu ukitaja mifugo na hifadhi katika sentensi moja watu wanakunja uso. Mazingira ni tofauti, naelewa, lakini nilifurahi kuona mahali ambapo mchungaji anahesabiwa kuwa mlinzi wa ndege.

Sasa nifike kwa korongo. Upande wa magharibi wa ziwa kuna mji mdogo unaoitwa Rust, na humo korongo wanajenga juu ya mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Wenye nyumba wanawawekea vitegemeo ili viota visianguke. Mwisho wa Machi ndio wanaingia. Kwa kawaida dume hutangulia, anaanza kupanga vijiti, anangoja. Nilikuwa nimesimama chini ya nyumba moja jike lilipotua. Korongo hana sauti ya kuimba. Wote wawili walirudisha vichwa nyuma mpaka vikagusa migongo, wakagonganisha midomo yao, ka-ka-ka-ka, mlio uliosikika barabara nzima. Mama mmoja mzee alitoka dukani, akaweka kikapu chini, akatazama nami. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, aliwaonyesha kidole juu, akasema basi mmefika pamoja. Akataka kujua wanakula nini huko. Nikamweleza viwavijeshi, nzige, na habari za babu yangu anayewakataza watoto kuwapiga mawe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Salamu zake hizi nakufikishia.

Wazungu wenyewe hawakujua zamani ndege hawa huenda wapi. Kuna waliodhani mbayuwayu hulala ndani ya matope ya maziwa wakati wote wa baridi. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, mkuki wa mti wa Afrika. Alichomwa huko kwetu Afrika, akaruka nao hadi kwao! Bado wamemhifadhi chuo kikuu cha Rostock. Leo inajulikana kwamba korongo wa upande huu hawavuki bahari kuu, kwa sababu wanaelea juu ya hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na baharini hewa hiyo haipo. Wanazunguka kwa Uturuki, Sinai, Misri na Sudan ndipo waingie Afrika Mashariki, wengine wakaendelea hadi kusini kabisa. Kuja shambani kwetu ni zaidi ya kilomita 6,000.

Ndiyo maana nina ombi. Baadhi yao wamevishwa pete mguuni, juu ya kiungo kile kinachofanana na goti, ina herufi na tarakimu. Mtu wa Musoma anarudi nyumbani mwezi wa sita; nimempa darubini yangu ya zamani aje nayo. Korongo wakitua mwisho wa mwaka, mdogo wangu akae mbali, asiwafukuze, aangalie miguu na kuandika anachosoma, tarehe na mahali. Anitumie kwa simu, nami nitafikisha kwa wanaotunza kumbukumbu hizo. Na jambo la pili: kabla ya kupulizia viwavijeshi sumu, muulizeni bwana shamba. Korongo akila mdudu mwenye sumu, naye anadhurika.

Pesa ya dawa za Bibi nimetuma jana, zikiingia nijulisheni. Msalimieni shangazi na wote wa kwake.

Ni mimi mjukuu wako