Mbuzi wa mtoto mnamuuzaje kimyakimya?

Mhariri, pole na kazi. Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Desemba na mume wangu kachoka kunisikiliza.

Mi naishi Mbagala, nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mwaka jana nilimkuta nyuma ya kijiwe cha bodaboda na wenzie wanakipiga mawe kitoto cha mbwa, mguu mmoja ushavunjika kinajiburuza tu, na watu wazima wamekaa pale wanacheka, mmoja anawaambia "lenga kichwa we!" Mwanangu naye ana jiwe mkononi. Nilimchapa, sitadanganya, halafu usiku nikawa najiuliza sasa pale nimemfundisha nini, nimempiga ili aache kupiga. Baadaye ndo nikaja kusikia kumbe Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, ila nenda kaiulize pale kijiweni uone watakavyokutazama.

Basi likizo ya Juni nikampeleka kwa bibi yake Mkuranga. Akakuta mbuzi mmoja kazaa mapacha na kamkataa mmoja, kila kakisogea kunyonya mama anakapiga kichwa kanaanguka kule. Bibi akamwambia mjukuu wake, haka ni kako, kakifa umekaua wewe, kakipona ni kako. Basi, hayo ndo mafunzo yenyewe. Bibi wa Kizaramo hanaga maneno ya kubembeleza.

Kuanzia hapo dogo kazi yake ikawa chupa ya soda iliyovishwa chuchu ya dukani, maziwa ya kuchemsha yakipoa yakawa vuguvugu anadondoshea tone juu ya mkono kwanza aone kama hayaunguzi, ndo anyweshe. Bibi alimwambia asikalaze chali kama mtoto wa binadamu, kasimame kanyanyue shingo, ukikalaza maziwa yanaingia kwenye mapafu kanakufa. Mara tano kwa siku, ya kwanza saa kumi na moja alfajiri! Huyu mtoto mimi hapa namwamsha kwa kumwagia maji. Akakapa jina Bosi, eti kwa sababu ndo kanamwamsha kwenda kazini.

Siku ya nne kakaharisha. Nikapigiwa simu usiku, naskia mtu analia, "mama kanatetemeka, nimekafunika na shati langu la shule, nifanye nini tena?" Mhariri mimi nilikaa kitandani nikanyamaza, maana sijawahi kumsikia akiulizia hali ya kiumbe chochote, hata mdogo wake akiumwa yeye anauliza kama chakula kimeiva. Bosi alipona. Na dogo aliporudi Julai nikaona asubuhi kuna maji kwenye kifuniko cha ndoo pale uani, nauliza ya nani, anasema ya paka, joto hili nao wanaona kiu. Hakuna aliyemtuma. Madrasa wanafundishwa habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka akafa na njaa, anaijua kichwani mwaka wa pili sasa, lakini jiwe si alishika vilevile?

Sasa Desemba tukaenda tena, dogo kabeba chupa yake ingawa Bosi alishakua anakula majani. Bosi hayupo. Mjomba alishamuuza, kaja mtu na pikipiki kampakia, nadhani aliishia machinjioni Vingunguti. Na wote pale nyumbani wakakubaliana kumwambia mtoto "Bosi kaenda kutembea". Siku mbili mtoto anazunguka kwenye mikorosho anaita Bosi Bosi na chupa mkononi, na watu wazima wanamwangalia wakiwa wamekaa barazani, mpaka mtoto wa jirani akamtobolea siri. Akaja kuniuliza, "si walisema ni wangu?"

Najua mtasema mbuzi ndo benki ya kijijini, hela ikihitajika auzwe, na hapo kulikuwa na deni la pembejeo kweli. Sikatai. Hata kuchinjwa achinjwe, mtoto wa kijijini anajua nyama inatoka wapi kuliko hawa wetu wanaodhani inaota buchani. Ila aitwe akalishwe aambiwe tuna shida hii, tunamuuza mbuzi wako, ukitaka nenda kamuage, na hata daftari moja litoke kwenye hiyo hela liwe lake. Huwezi kumpa mtoto roho ya kiumbe aibebe miezi halafu ukamfanyia kama hajabeba kitu. Jamaa zangu wengi wamekulia hivyo, kuku wa mtoto akiwa kifaranga, akishakua ni wa baba na mgeni wake, halafu tunashangaa wamekua hawana imani na mtu.

Na wenye mbwa nao wawape watoto kazi ya kweli, siyo kucheza naye tu. Chanjo ya kichaa ikitangazwa mtoto ndo ashike kamba aende naye foleni (na mkubwa awepo), ajifunze pia kutomshika mbwa asiyemjua, na aking'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu moja kwa moja hospitali, maana kichaa kikishaonyesha dalili ni kifo.

Juni inakuja na bibi kasema kuna mbuzi mwingine ana mimba. Nikamuuliza dogo kama atataka mtoto wake, akafikiria weee, akasema sawa, ila mjomba aandike kwanza kwenye karatasi kwamba hamuuzi bila kumwambia. Karatasi imeandikwa. Mjomba kasaini kanuna, na dogo kaiweka kwenye begi la shule.

Mama wa watoto wawili,
Mbagala, Dar es Salaam