Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Taaluma: ukimya wetu mtandaoni si uvivu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Barua mbili nimekwisha kuzileta ofisini kwako kwa utaratibu unaotakiwa, na zote hazijajibiwa. Nilikusudia kuendelea kusubiri, ila waraka wako wa Jumatatu umenishinda. Umeandika kwamba mwanafunzi asiyechangia mijadala ya mtandaoni atakatwa alama kwa kuwa "hana moyo wa kusoma".

Mimi ni mmoja wa hao. Muhula mzima nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri kupakua vipindi, wakati ambao mtandao unapitika. Moyo wa kusoma ninao, Mheshimiwa.

Alhamisi iliyopita mwalimu aliuliza swali. Tulikuwa wanafunzi hamsini na kitu, kamera zote zimezimwa. Jibu nilikuwa nalo. Nikaandika nusu, nikafuta, nikaandika tena, kisha nikakwama: ni kitufe gani kinampelekea mwalimu peke yake, na kipi kinawapelekea wote? Nilipojikaza nitume, mwalimu alikuwa ameshajijibu na kusonga mbele. Kwenye kumbukumbu zenu nimeandikwa kwamba sikuchangia.

Kuna dada ninayesoma naye, mmoja wa wanaonielewesha hesabu. Aliandika kazi yake usiku kucha kwenye simu, akapakia faili lisilo na kitu bila kujua. Mfumo ukamjibu kwamba kazi imepokelewa. Wiki tatu baadaye akakuta sifuri. Tangu siku hiyo huingia kipindini, jina likishasomeka anaiweka simu mezani na kuendelea na shughuli zake. Ninyi mnamhesabu amehudhuria! Watafiti wa elimu, Fredricks na wenzake, walishaeleza mwaka 2004 kwamba mwanafunzi hushiriki masomo kwa vitendo, kwa hisia na kwa fikra. Mfumo wenu unahesabu nani kaingia na nani kaandika. Kwamba dada huyu amekata tamaa, hauoni.

Na utayari wa kusoma mtandaoni, ambao waraka wako haukuutaja hata mara moja, watu wameshaupima. Mwaka 2010 mtafiti Hung na wenzake, wakiwapima wanafunzi wa vyuo nchini Taiwan, waliugawa katika mambo matano: kujiamini kutumia kompyuta na intaneti, kujisimamia katika kusoma, kudhibiti mwendo wako mwenyewe, hamasa, na kujiamini kuwasiliana mtandaoni. Wewe umeona hamasa tu. Hayo manne mengine nani alitufundisha?

Mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani kuathirika, tulivumiliana. Mwalimu alikuwa anabahatisha, na mwanafunzi vilevile. Lakini kozi yetu haikuzuka kwa dharura. Imepangwa, imetangazwa, na ada tumelipa kamili.

Siku ya kutupokea ulituahidi kwa kinywa chako wiki mbili za mafunzo kabla ya vipindi kuanza, na mtu wa kumuuliza pale tunapokwama. Nililiandika kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza kabisa. Tulichopata ni video ya dakika tisa inayoonyesha namna ya kubadili neno la siri. Nadhani ofisini mliamini kwamba kila mwenye simu janja anajua kusoma kwa simu. Kutumiana picha na ndugu ni jambo moja. Kujipangia ratiba ya wiki bila kengele wala mwalimu wa kukukazia macho ni jambo jingine kabisa, na wengi wetu hatujawahi kulifanya tangu tuzaliwe.

Naomba waraka ule uondolewe. Naomba dada yule aruhusiwe kuleta kazi yake upya, maana anayo, nimeiona kwa macho yangu. Naomba walimu nao wafundishwe kusubiri jibu kwa dakika moja zaidi. Na kama yote hayo ni mengi kwa ofisi yako, nayaacha, nabaki na moja tu: zile wiki mbili. Muhula mpya unaanza mwezi ujao na wadogo zetu wanaingia. Wafundishwe kwanza, halafu ndipo muwahesabu.

Wiki mbili, Mheshimiwa. Ulituahidi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili