Yai la mwanao

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na huyo kichuna nibusie. Barua yako imenichekesha, hasa pale mama mkwe alipoapa kuwa yai haliliwi mpaka miaka 2. Kisha nikaona haya, maana kifungua mimba wangu nami nilimnyima mpaka akapita mwaka.

Mama usimlaumu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri vivyo hivyo kwa watoto wa familia zenye mzio. 2008 wakaufuta ushauri huo, kwani kuchelewesha hakukuonekana kumkinga mtu. Halafu 2016 watafiti wa Japani wakatoa matokeo ya watoto wenye pumu ya ngozi, ile ngozi inayowasha na kupasuka. Waliolambishwa unga wa yai lililopikwa tangu miezi 6, wenye mzio wa yai walipofika mwaka walikuwa asilimia 8. Wale waliosubirishwa, 38!

Basi akitimiza miezi 6, shingo imekaza na anakaa ukimwegemeza, usingoje. Chemsha yai mpaka kiini kikauke kabisa. La majimaji laweza kuwa na salmonela, vijidudu vya kuharisha. Ponda ute na kiini pamoja. (Mimi nilikuwa natenga kiini tupu, kumbe mzio hasa uko kwenye ute.) Lainisha kwa maziwa yako, mpe ncha ya kijiko, umtazame kidogo ndipo umwongeze. Siku hiyo asionje kingine kipya.

Na iwe asubuhi, tafadhali. Wa pili nilimpa jioni, nikakesha namulika uso wake kwa simu kila akijigeuza. Mzio huwa haukawii, mara nyingi hujitokeza kati ya dakika chache na saa 2: mabaka ya kuwasha, midomo au kope kuvimba, kutapika. Akikohoa mfululizo, akihema kwa shida au akilegea, ni hospitali mbio.

Ila hayo mashavu yake uliyosema yanapasuka na kutoa maji yamenikalia moyoni. Mwone daktari kabla ya hiyo ncha ya kijiko, na uende wiki hii, kwa sababu watoto wa ngozi hiyo ndio wenye hatari zaidi na ndio wasiofaa kucheleweshwa.

Likimkubali, usilisahau. Mrudishie kila wiki, hata mara mbili.

Niandikie daktari kasemaje.

Shoga yako,
Zawadi