Idi Mubarak: Salamu kwa Watu wa Mama

Asalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki. Mwezi umeandama, funga imekwisha, na leo Mfunguo Mosi tunasalimiana kama tulivyozoea: taqabbala Allahu minna wa minkum. Mola azipokee swaumu zetu na zenu, za waliofunga wote na za wenye udhuru watakaolipa baadaye.

Mwaka huu salamu zangu nazielekeza zaidi kwa wanaoswali Idi bila mama. Wapo waliomzika juzijuzi tu, udongo haujakauka. Wapo ambao miaka imepita, na bado siku ya leo hujikuta wanamtafuta kwa macho kwenye safu za kinamama. Sitawapa pole ya kuwaambia mtazoea. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mama yake, Bibi Amina, akiwa na miaka 6, pale Abwa, kati ya Makka na Madina. Ukubwani, akiwa na umma mzima nyuma yake, alilizuru kaburi lile akalia, hata waliokuwa naye nao wakalia. Imepokewa hivyo na Imam Muslim. Basi anayefuta machozi leo huku kavaa nguo mpya asidhani imani yake ina kasoro.

Mama yetu hakuwa malaika. Nalisema hili kwa sababu marehemu wetu tukishawazika tunawasifu mpaka hawatambulikani tena. Alikuwa mkali, hakuwa na subira na mtu anayechelewa, na ukimjibu vibaya asubuhi, jioni bado unalo. Lakini usiku wa mwezi kuandama alikuwa na swali lake, na hakuna aliyelikwepa. Tukishatangaziwa kuwa kesho ni Idi, kila mtu anahangaika na lake, yeye husimama mlangoni na kuuliza: "Nani humu hasemi na nani?" Kimya. Anarudia. Ikibidi anawataja. Mliokuwa mmenuniana mnapeana mkono mbele yake, hata kama mmoja anapeana huku anatazama ukutani, na yeye hakujali kwamba mnaona haya. Alikuwa akisema mapenzi yatakuja baadaye, mkono kwanza.

Na haikuwa kwetu sisi watoto tu. Usiku kama huo niliwahi kumsikia akimpigia simu wifi yake ambaye walikwaruzana muda mrefu. Hakueleza nani alimkosea nani. Alisema, "Wifi, kesho Idi, nisamehe na mimi nimekusamehe," kisha akauliza habari za watoto kana kwamba walizungumza jana. Mimi mpaka leo nikitaka kumwomba mtu radhi huanza na maelezo marefu, na nikifika katikati ya maelezo hasira zimesharudi.

Jambo lake jingine lilikuwa zakatul-fitri, zaka ya chakula wanayopewa maskini Ramadhani inapokwisha. Sheria inajulikana: pishi moja, yaani vibaba vinne vya chakula kinacholiwa na watu, kwa kila kichwa, mkubwa kwa mdogo. Wengi huikadiria kwa mizani kati ya kilo 2 na 3, kutegemea nafaka. Na itoke kabla ya swala ya Idi, kwani ikichelewa hapo inahesabiwa sadaka ya kawaida. Mama alipima mwenyewe. Alijaza kibaba mpaka kikafanya kilima, hakukipangusa kwa kiganja, na akishamaliza vinne aliongeza konzi moja juu. Ukimwambia imeshatimia, anakujibu: "Iliyotimia ni ya kwako. Hii ni ya yule anayepokea."

Kuna hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama umebaki wema wowote wa kuwatendea wazazi baada ya kufa kwao. Akajibiwa ndiyo: kuwaombea dua, kuwatakia maghfira, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu ule usioungwa ila kupitia kwao, na kuwakirimu rafiki zao. Sahaba Saad bin Ubada naye, mama yake alipofariki yeye hayupo, alimuuliza Mtume kama akimtolea sadaka itamfaa. Alipoambiwa itamfaa, akaitoa bustani yake nzima.

Bustani si wengi tunazo. Dua tunaomba, alhamdulillah. Panapotushinda, nionavyo mimi, ni kwenye yale mawili ya mwisho. Mama ndiye aliyejua binamu yupi anaumwa, nani kapata mtoto, nani asipopigiwa simu atanuna. Akiondoka, kila mtoto anabaki na familia yake na simu yake, na shangazi mliyekuwa mkimwona kila Idi mnakutana naye tena msibani. Kuweka picha ya marehemu mama siku ya leo na maneno ya "nakukumbuka mama" si vibaya, mimi mwenyewe nimeweka. Ila watu wake wapo hai, na picha haiwafikishii salamu.

Kwa wenye mama hai sina wosia mrefu. Suratul Israa, aya ya 23, imekukataza hata kumgunia. Atakuuliza jambo lile lile mara ya tatu leo. Mjibu kana kwamba ni mara ya kwanza.

Na tuliobaki na watu wa mama, twendeni tukawaone. Mama alikuwa na shoga yake tangu usichana wao, mtu wa sauti kubwa, ambaye tulipokuwa wadogo tulikimbilia uani tukimsikia anabisha hodi. Siku hizi miguu haimpeleki mbali. Baada ya Adhuhuri naenda kwake pamoja na mdogo wetu wa mwisho, ambaye mama alimwacha bado mtoto na hachoki kutuuliza mama alikuwa anacheka vipi. Sisi tumejaribu kumweleza, tumeshindwa. Shoga yake anaweza kukiigiza kicheko kile mpaka pumzi ya mwisho, na ameshatuma salamu kwamba tukichelewa atatusema.

Idi Mubarak nyote. Mola awarehemu mama zetu waliotangulia, na awape afya na umri walio hai.