Kupungua mwili si kuumwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea yetu ya kusalimiana kwa kupimana miili. Mtu akirudi safari amenenepa huambiwa amenawiri, kwamba huko alikotoka mambo yamemnyookea. Akirudi amepungua, hata mzigo hajautua, huulizwa anaumwa nini.

Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 58, ana kisukari. Mwaka jana daktari alimshauri apunguze uzito, naye akatii: aliacha chapati za asubuhi na chai ya sukari, akawa anatembea kila siku baada ya swala ya alfajiri, na baada ya miezi saba alikuwa amepungua kilo 11, sukari imeshuka, na magauni yake yako kwa fundi yakipunguzwa. Kisha tukaenda msibani. Jirani mmoja alimshika mkono, akauzungushia kifundo vidole viwili, na mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani akamwuliza, "Dada, umepima lakini?" Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni kipimo gani. Tangu siku hiyo shangazi aliacha kutembea, na chapati zikarudi.

Simlaumu jirani yule peke yake, kwa kuwa hofu yake ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na wenzetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa miaka mingi, kabla serikali haijaanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, tuliwauguza na kuwazika ndugu waliobaki mifupa mitupu, na ndipo wembamba ulipogeuka kuwa habari ya msiba. Leo mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa hunawiri na kufanya kazi kama mtu mwingine yeyote, kwa hiyo mwili hauwezi kutuambia nani mgonjwa na nani mzima, ilhali sisi bado tunausoma kama zamani.

Wala sitaki tuache kuogopa wembamba ili tuanze kuogopa unene. Huko Fiji, ambako mwili mkubwa ulikuwa dalili ya mtu anayetunzwa vyema na jamaa zake, televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na miaka mitatu baadaye watafiti waliwakuta wasichana wa shule wanaojitapisha ili wakonde. Kinyume chake, nchini Mauritania wapo wasichana wanaolazimishwa kunywa maziwa mengi kupita kiasi ili wanenepe na kupata wachumba. Pande zote mbili anayeumia ni msichana, kwa kipimo kilichowekwa na watu wengine.

Ombi langu ni kwa wahudumu wa kliniki za kisukari na shinikizo la damu: mnapomwagiza mgonjwa apungue, mwiteni na mtu wa nyumbani kwake, waelezeni wote wawili kwamba maneno ya watu yatakuja, na mkubaliane namna ya kuyajibu. Shangazi yangu alipewa karatasi ya vyakula tu. Sasa ninaongozana naye alfajiri, na anayetusimamisha njiani kumwuliza amepatwa na nini, mimi ndiye ninayemjibu kwamba tunatekeleza agizo la daktari.

Msomaji wako,
Tanga